Usiku Mmoja Aliopewa Mama

Mume wangu alikuwa karani, na karani wa zamani zile alikuwa mtu wa kuogopesha kidogo. Kaptura yake ilipigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, na kofia yake ya jua hakuivua hata akiwa chini ya mwembe. Alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali hapa Mwanza, miaka michache baada ya reli kufika mjini ikitokea Tabora, na kazi yake kubwa ilikuwa kupiga taipu. Aliipenda mashine ile kuliko alivyopenda chakula changu. Nasema hivyo bila uchungu, maana siku hizo nilikuwa mpishi mbaya na nilijijua.

Tulikaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya majabali makubwa, mahali ambapo asubuhi unaliona ziwa lote na mchana unasikia harufu ya dagaa wanaoanikwa. Tulikuwa na watoto wawili, msichana wa miaka mitano na mvulana wa miaka miwili, na wa tatu alikuwa njiani. Nilikuwa nimesoma kwa masista miaka minne, kwa hiyo kusoma na kuandika nilijua, jambo ambalo mume wangu alilisifu mbele ya wageni na kulijutia nilipoanza kusoma karatasi zake.

Jambo moja lilinikaa rohoni miaka yote hiyo. Sikuwa nimemwona mama yangu tangu niolewe. Alikuwa anakaa peke yake upande wa Nzega, baba akiwa amefariki na kaka yangu akiwa amekwenda kukata mkonge pwani akapotelea huko. Siku ya kunichukua, mume wangu aliwaahidi wazee wangu kwamba reli ikifika Mwanza atanirudisha kumsalimu mama kila mwaka. Reli ikafika. Filimbi yake nikawa naisikia nikiwa jikoni, nami namenya viazi. Watoto wangu wawili walizaliwa bila bibi yao kuwashika, na kila nilipouliza, niliambiwa livu, ile likizo ya serikali, haijapatikana.

Basi, mwaka huo bwana mkubwa wa ofisi yao, Mzungu mrefu mwenye masharubu, alipata livu yake ndefu. Badala ya kwenda kwao moja kwa moja, yeye na mkewe walitaka kushuka Italia na kutembea nchi ile kwa treni na kwa gari la kukodi. Mpango wote aliupiga taipu mume wangu. Aliupiga mara nyingi, kwa sababu bwana alibadili mawazo kila baada ya chai: mara mji huu utangulie, mara ule uondolewe, mara mkewe ametaka siku moja zaidi mahali penye maduka ya ngozi. Nakala moja ya kaboni ilitoka na madoa, ikatupwa. Mume wangu akaiokota, akaikunja vizuri, akaja nayo nyumbani kama mtu aliyeleta nyama ya sikukuu.

"Mama watoto," akaniambia, "kaa hapa nikuonyeshe namna watu wanavyosafiri."

Nikakaa. Akanisomea na kunifasiria. Meli itawashusha Napoli. Hapo siku tatu. Kisha treni hadi Roma, siku nne. Kisha gari la kukodi, wakizunguka vilimani kutoka mji mdogo hadi mji mdogo, usiku mmoja hapa, usiku mmoja pale. Kisha ziwa moja huko kaskazini, siku mbili. Kisha treni tena hadi mji ambao barabara zake ni maji matupu, na watu wanatoka mlangoni wakiingia kwenye mtumbwi. Kila mahali paliandikwa saa ya kufika na saa ya kuondoka, na mwisho wa mstari palikuwa na nafasi ya maelezo: kutazama makanisa, kutazama mandhari, kupumzika.

"Na huyu bwana anakwenda kumwona nani?" nikauliza.

"Haendi kumwona mtu. Anakwenda kutazama."

"Atalala kwa nani?"

"Hotelini."

"Safari yote hiyo, hana shangazi hata mmoja njiani? Hakuna wa kumpokea, hakuna wa kumsindikiza?"

Mume wangu akaniangalia kwa huruma, na mimi nikamhurumia yule Mzungu. Nilimwona akishuka stesheni baada ya stesheni na masharubu yake, na hakuna anayemwita jina. Nikasema Mungu amsaidie, nikarudi kwenye sufuria yangu.

Sikujua nimeacha moto nyuma. Wiki ya pili yake mume wangu akatangaza kwamba bwana akishaondoka, naye atapewa livu ya wiki mbili, na kwamba safari hii tutakwenda kwetu. Niliruka. Nilimwimbia. Nilimpikia kuku, na kuku yule kwa bahati alikuwa laini. Lakini alipomaliza kula alifuta vidole akasema, "Tutakwenda kwa mpango."

Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa ofisi. Kila jioni alikaa mezani na ile nakala yenye madoa upande wa kushoto na karatasi tupu upande wa kulia. Alikwenda stesheni mara tatu kumhoji mkuu wa stesheni kuhusu treni, ambayo siku hizo haikuondoka kila siku, na mara ya tatu yule mzee alijifungia ofisini alipomwona anavuka reli. Alikwenda pia kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa karibu na soko, kwa sababu mdogo wake alikuwa na duka Shinyanga na gari la kukodisha. Huko nilifuatana naye, kwa vile nilitaka kanga ya kumpelekea mama.

Mwenye duka alikuwa mzee mnene, mcheshi, aliyezaliwa pwani na kusema Kiswahili kutushinda. Akachukua kalamu.

"Karani, kutoka Shinyanga watu wangapi?"

"Wakubwa wawili, watoto wawili."

"Na kurudi?"

"Wakubwa wawili, watoto wawili."

Mzee akaweka kalamu chini. "Mnakwenda kwa nani huko?"

"Kwa mama mzazi wa mke wangu."

"Basi hesabu ya kurudi huijui," akasema. "Mimi nimeoa miaka thelathini. Nilikwenda kumsalimu mama mkwe Bukoba kwa stima, watu wanne. Tulirudi saba na mbuzi."

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. Mume wangu hakucheka. Alisema kwa sauti ya ofisini kwamba mpango ni mpango, watu wanne kwenda na wanne kurudi, na mzee akaandika hivyo hivyo huku mabega yake yakitikisika.

Siku iliyofuata karatasi ilikuwa tayari. Alikuwa ameipigia taipu ofisini wakati wa chakula, nakala tatu, moja yangu, moja yake, na moja ya jalada, ingawa jalada lenyewe sikulijua ni lipi. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikasoma.

Siku ya kwanza na ya pili: Kamanga. Kuvuka kwa mashua, kulala kwa mjomba wake, kutazama ziwa.

Siku ya tatu hadi ya tano: Magu, kwa lori, kwa dada yake. Kutazama mashamba ya pamba.

Siku ya sita: kurudi Mwanza, kupumzika.

Siku ya saba: treni hadi Malya. Siku mbili kwa shangazi yake. Kutazama mandhari.

Siku ya tisa: treni hadi Shinyanga. Usiku mmoja kwa rafiki yake waliyesoma pamoja.

Siku ya kumi: gari la kukodi. Kufika kwa mama wa mke, saa kumi jioni. Siku ya kumi na moja: kuondoka, saa mbili asubuhi.

Na baada ya hapo kurudi, tukisimama tena kwa kila mtu wa kwake.

Nilisoma mara mbili. Kwenye Kamanga, nafasi ya maelezo ilikuwa na mistari minne. Kwenye mama yangu ilikuwa tupu.

Watu husema mimi ni mkali. Labda. Siku ile niliiweka karatasi mezani polepole, nikachukua penseli yake, nikaandika chini kwa mwandiko wa masista: Ziwa limepewa siku mbili. Mama yangu amepewa usiku mmoja. Kisha nikamwuliza, kwa sauti ambayo nadhani hata wavuvi waliisikia, "Tunaishi ziwani! Tukifungua mlango tunaliona ziwa! Maji tunayokunywa ni ziwa! Wewe unapanga safari ya kwenda kutazama ziwa?"

"Katika mpango wa bwana," akaanza, "ziwa lina siku mbili."

"Bwana hana ziwa!"

Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Nilimwambia kwamba pamba ya Magu nitaitazama mabegani mwake akivaa shati. Nilimwambia kwamba mama yangu ana miaka yake, na kwamba mtoto wa tatu naye atazaliwa bila bibi kama wenzake. Hapo nikalia, na ninapolia hasira zinanizidi, basi nikatoka nje nikakaa juu ya jabali na kumwachia watoto wote wawili. Wali wake ulioungua alijipakulia mwenyewe.

Baada ya muda alikuja, mvulana begani, msichana akimshika kaptura. Kofia hakuwa nayo. Akakaa kwenye jabali la pili, si langu.

"Nitakaa wapi mimi?" akasema.

Sikumwelewa.

"Kwenu. Siku tatu, siku nne, nitakaa wapi? Mama yuko uani, nami nitakuwa wapi?"

Hapo nikaelewa kila kitu, nikaona aibu kidogo kwa makelele yangu. Kwa watu wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwingine apite. Hawali pamoja, hawakai kivuli kimoja, na wakiwa na neno la kuambiana, mtu wa tatu hulibeba hata kama wanasikiana vizuri. Si chuki, ni heshima, na wenye heshima hiyo huona raha kuwa nayo. Lakini mume wangu alikuwa na aibu ya zamani. Siku aliyokuja na wazee wake kunichumbia, alichoka jua, akaona kigoda uani, akakikalia. Kilikuwa kigoda cha mama. Mama akatoka nyumbani na ungo wa mtama, wakakutana uso kwa uso, hatua mbili kati yao. Mama alitupa ungo akakimbilia zizini. Yeye alikimbilia upande wa pili akaangukia kwenye miba. Kijiji kizima kilicheka mpaka mavuno, na kuku walikula mtama ule siku mbili.

"Wamekwisha sahau," nikamwambia.

"Hawajasahau. Mwalimu wa huko aliniandikia mwaka jana akanisalimu kwa jina la Bwana Kigoda."

Nilijaribu kuzuia kicheko, nikashindwa. Naye akacheka, kwa shida, kisha kwa raha. Basi, kumbe miaka yote ile livu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kumweka karani kwenye ua wa mwanamke mmoja mzee. Nilimkasirikia upya kwa dakika mbili, halafu nikamsamehe, kwa sababu ni aibu ya mtu aliyelelewa vizuri.

Tukaupanga mpango upya, sisi wawili, mezani. Kamanga niliifuta mwenyewe. Magu tukaiahirisha, na dada yake alinuna mwaka mzima. Shangazi wa Malya alibaki, kwa vile treni inapita mlangoni kwake na kumpita shangazi bila kushuka ni matusi. Mama yangu akapata siku nne, na mume wangu atalala kwa yule mwalimu, mwendo wa dakika kumi, akija uani kwa mwito tu. Kuondoka: siku ya saba, saa mbili asubuhi. Alipiga taipu upya nakala tatu. Maelezo ya kwa mama aliyaacha tupu tena, nikamwuliza kwa nini. Akasema hajui mtu anaandika nini hapo, kwa maana kule haendi kutazama.

Tuliondoka Mwanza mwisho wa kiangazi. Nikiwa na watu wa daraja la tatu, vikapu, na mtoto anayetaka kuchungulia dirishani kila penye mbuzi, nilikuwa na furaha ya kupasuka. Mume wangu alikaa na saa yake mkononi na karatasi magotini. Kila stesheni alilinganisha. Tukichelewa, alitikisa kichwa kumsikitikia dereva wa treni. Malya shangazi yake alitupokea kwa maziwa ya mgando na nyimbo, akatusindikiza siku ya kuondoka mpaka ndani ya behewa, akaendelea kuaga huku treni imeshaondoka, tukamshusha stesheni ya mbele akiwa bado anaaga. Hakusikitika hata kidogo. Alisema amesindikiza vizuri.

Shinyanga gari lilikuwepo kama lilivyoandikwa. Lilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele, na nyuma sanduku la mbao lenye turubai kwa mizigo. Kati ya mbele na nyuma palikuwa na dirisha lisilo na kioo, pana kama sinia. Dereva alikuwa Mmanyema mwenye sauti nene na subira nyingi. Tulikaa mbele, watoto magotini, tukafika kwetu saa kumi na robo. Mume wangu alinung'unikia ile robo, kisha akashuka mwanzo wa kijiji na kukata kona kwenda kwa mwalimu, haraka kama anadaiwa.

Mama alikuwa uani anapeta karanga. Alikuwa amepungua. Nilimwona kabla hajaniona, na nilishangaa jinsi mgongo wake ulivyokuwa mdogo. Nikasema, "Shikamoo mama," kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa nimekizoea Mwanza. Mama aliweka ungo chini, taratibu safari hii, akaja akanishika uso kwa mikono yenye vumbi la karanga, halafu akaniacha na kuwanyakua watoto wote wawili kwa pamoja, akawanusa vichwani. Akanitazama tumbo. "Na huyu," akasema kwa lugha yetu, "anakuja lini?"

Siku nne zilikwisha kabla sijazihesabu. Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya tatu. Mume wangu alikuja uani mara mbili, kofia mkononi, akasimama nyuma ya ghala la mtama. Mama akawa ndani, na mimi katikati nikibeba salamu kama posta. Mama aliuliza kama mkwe wake analala vizuri. Mkwe alijibu analala vizuri sana. Mama akasema kama amechoka, kigoda kipo. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga mpya niliyomletea, na mabega yanamtikisika kama ya yule mzee wa dukani.

Asubuhi ya kuondoka gari lilifika saa mbili kasoro. Mume wangu alisimama mbali, saa mkononi, ameridhika. Mizigo ikapakiwa: gunia la karanga, kibuyu cha asali, maboga, kuku watatu. Mama akatoka na furushi lake kichwani na fimbo mkononi. Mlango wa nyumba aliufunga kwa kamba. Mbuzi wake alikuwa amekwisha kuwapeleka kwa jirani jana yake, bila kuniambia.

"Wawili wamezaliwa sipo," akasema. "Huyu sitamkosa."

Nilitaka hilo kuliko kitu chochote duniani, na sikuwa nimethubutu hata kuliota, kwa sababu nilijua nyumba yetu ina vyumba viwili na mume mmoja. Nikamgeukia. Alikuwa amesikia. Alitazama gari. Nilimwona akihesabu: dereva, mimi, watoto, mama, kiti kimoja, dirisha. Mpango mzima ulikuwa na saa, stesheni, mizigo na ndugu, lakini hakuna mahali ulipouliza nani anaweza kukaa na nani. Bwana wa Italia hakuwa na mama mkwe ndani ya gari. Ilikuwa rahisi sana kwake kusema hapana. Nafasi hakuna, angesema, na angekuwa amesema kweli, na mama angerudi akafungua kamba ya mlango wake.

Alivua kofia, akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akaenda nyuma ya gari. "Niletee kanga," akaniambia. Nikampa. Akaifunga kwenye lile dirisha kwa ndani, akakaza pembe zote nne, akapanda akakaa juu ya gunia la karanga, uso nyuma, kuku miguuni. Karani wa serikali. Mwalimu na watoto wa shule walikuwa wamekuja kutuaga, nao waliliona hilo, wakashangilia.

Tulikwenda vizuri mpaka mbugani. Ule udongo mweusi ulikuwa umekunywa mvua, na gari lilizama magurudumu ya nyuma yote mawili. Dereva alijaribu mbele, akajaribu nyuma, akashuka, akasema, "Tusukumeni." Mimi alinikataza kwa sababu ya tumbo, akaniambia nikae na watoto. Mume wangu alishuka akaweka bega upande wa kulia. Gari halikutikisika. Ndipo mama akashuka. Alijifunika kanga kichwa chote mpaka puani, akazunguka kwa upande wa kushoto, akaweka mikono yake kwenye ubao.

Nilitazama kwa kuinua pembe ya kanga dirishani, Mungu anisamehe. Wawili wale ambao hawakupaswa kukaa kivuli kimoja walikuwa bega hili na bega lile la gari moja, mume wangu amegeuza uso kulia mpaka shingo inataka kukatika, mama amegeuza wake kushoto, wote wanasukuma. "Pamoja!" dereva akapaza sauti kutoka kwenye usukani. Wakasukuma. "Pamoja, mzee! Pamoja, mama!" Gari likarukia mbele kama mbuzi, na wote wawili wakaanguka kifudifudi kwenye tope, kila mmoja upande wake.

Kisha nikasikia mama anacheka. Alicheka akiwa bado amelala kwenye tope, kicheko cha msichana, na upande wa pili mume wangu akaanza naye, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Binti yangu akapiga makofi akitaka warudie.

Tulipoanza tena safari, mama aliniambia, akiwa hatua moja kutoka ile kanga, "Mwambie mkwe wangu ana nguvu kuliko nilivyodhani."

"Mama anasema una nguvu," nikasema kwa sauti.

"Mwambie mama," ikajibu kanga, "asante. Mwambie kuku mmoja ametaga."

Tulipofika Mwanza na mama kuliona ziwa, alisimama stesheni akauliza ng'ambo yake iko wapi. Alikaa nasi kusubiri mtoto. Mtoto akaja, msichana, na alishikwa na bibi yake kabla yangu. Mama akasema atasubiri mtoto ajue kukaa. Kisha atembee. Mume wangu aliongeza chumba cha tatu cha udongo chenye mlango wake upande wa majabali, na kila jioni alipotoka kazini alikohoa mara mbili kwenye kona ili mama apate muda wa kuingia. Majirani walidhani ana kifua. Watoto walibeba maneno huku na huku, wakijifunza adabu na umbeya kwa wakati mmoja.

Bwana wa masharubu alirudi pia. Mume wangu alimwuliza, kwa heshima, kama mpango ulikwenda sawa. Kumbe mji wa pili walikosa treni, wakapanga chumba kwa mwanamke mmoja mjane aliyewapikia vizuri sana, wakakaa kwake hadi livu ikakaribia kwisha. Ule mji wa maji hawakuuona. Mume wangu alinisimulia hayo akiwa na furaha ya mwezi mzima.

Mama alikaa kwetu miaka tisa. Tumemzika mlimani, mahali anapoliona ziwa.

Mume wangu alipomfuata, miaka mingi baadaye, nilifungua sanduku lake la bati kutafuta vyeti. Karatasi ya safari ilikuwa chini kabisa, ile aliyoitia mfukoni siku ile, ina doa la tope pembeni. Nikasoma stesheni zote, kufika na kuondoka. Kwenye mstari wa mama alikuwa ameirudisha karatasi mashineni, sijui siku gani, hakuniambia kamwe. Juu ya saa ya kuondoka alikuwa amepiga herufi x, moja moja, mpaka saa yenyewe haisomeki. Na kwenye maelezo, palipokuwa patupu, alikuwa ameandika: Tuko naye.